Mgongo unauma? Chunguza misuli ya mapaja

Je, wewe ni mshonaji nguo, dereva wa matatu au karani anayeketi tangu asubuhi hadi jioni? Unapoinuka, je, hujishika kiuno na kutembea umeinama hatua chache za kwanza? Basi makala haya yanakuhusu.

Wengi hudhani maumivu ya aina hii ni ishara kwamba mifupa ya mgongo imeharibika. Hununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, kisha hulala kitandani siku tatu au nne. Mara nyingi mifupa haina kosa.

Kuna msuli mrefu unaoanzia kwenye pingili za kiuno, ukapita mbele ya nyonga na kushikana na mfupa wa paja. Ndio unaokuwezesha kuinua goti. Unapoketi, msuli huu hufupika. Ukikaa hivyo kwa saa nyingi kila siku, huweza kukakamaa, na unaposimama huvuta kiuno kuelekea mbele. Misuli ya nyuma ya paja nayo imeshikana na mfupa unaoukalia. Ikikaza, nyonga hazikunjiki vyema unapoinama kupalilia au kuinua mtungi wa maji, na mzigo huuangukia mgongo.

Hata hivyo, si kila mwenye misuli migumu huumwa. Pengine maumivu ndiyo hutangulia, kisha misuli hukaza ili kuukinga mgongo. Mgonjwa akiogopa kusonga, ugumu huzidi. Ndiyo sababu madaktari siku hizi hawapendekezi kulala kitandani, kama ilivyokuwa zamani. Tembea, endelea na kazi nyepesi, na usikae kitako zaidi ya saa moja bila kuinuka.

Nyumbani jaribu hivi. Piga goti moja juu ya mkeka, mguu wa pili ukiwa mbele, wayo ukikanyaga sakafu. Sukuma nyonga mbele polepole bila kupinda mgongo, hadi uhisi paja la nyuma likivutika. Hesabu hadi thelathini, kisha badilisha mguu. Rudia mara tatu, asubuhi na jioni. Kuvutika si kuumia. Ukihisi maumivu yanayoshuka kwa ghafla hadi chini ya goti, acha, kwani huenda mshipa wa fahamu umebanwa.

Kuhusu vile vidonge, vingi huchubua tumbo na kudhuru figo vikimezwa kila siku bila ushauri wa daktari.

Maumivu mengi ya mgongo hupungua katika wiki chache. Lakini ukishindwa kuzuia mkojo au choo, mguu ukilegea, au ukifa ganzi sehemu za siri, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, usichelewe kupimwa ikiwa una homa, unakonda au mgongo unakuuma hata usiku ukiwa umelala. Kifua kikuu hakishambulii mapafu peke yake. Huingia hata katika uti wa mgongo, na huko hakitibiwi kwa mazoezi.