ASKARI NA SIRI YA MGONJWA
Mafunzo kutoka Nakivale na Mbarara

Mwezi Septemba 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimpasha Rais Yoweri Museveni habari nzito. Kati ya maofisa 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya Ukimwi. Twalikumbusha jambo hilo kwa sababu wapo askari wadhanio kwamba utafiti wa maradhi ya zinaa ni shughuli ya waganga peke yao. Tangu mwanzo shughuli hiyo iliihusu kambi.

Leo twaelekeza macho Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyomo wilayani Isingiro, si mbali na Mbarara. Yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Siku hizi yamehifadhi zaidi ya watu laki moja, wakiwamo Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia. Mwaka 2013 Dkt. Kelli O'Laughlin, mtafiti kutoka Marekani, na wenzake walijaribu huko jambo rahisi. Zamani aliyetaka kupimwa virusi ilimpasa aombe mwenyewe. Sasa kila mtu mzima aliyefika zahanati, hata kama alikuja kwa homa au jeraha, aliulizwa kama angependa kupimwa, naye alikuwa huru kukataa. Idadi ya waliogunduliwa kila wiki ikaongezeka mara kadhaa. Kumbe wengi hawakuwa wamekataa kupimwa, hawakuwa wameulizwa.

Lakini kugunduliwa si kutibiwa. Watafiti walipowahoji wagonjwa walikuta vizuizi vingi: mwendo mrefu, nauli, njaa, na hofu ya kuonekana mlangoni pa kliniki. Hofu hiyo haitibiwi kwa kidonge.

Na vidonge vipo. Kati ya 2008 na 2011, Kabwohe, magharibi ya Mbarara, palikuwa miongoni mwa vituo 9 vya Kenya na Uganda vilivyofanya utafiti kwa wenzi ambao mmoja wao ana virusi. Ilithibitika kwamba asiye na virusi, akimeza dawa ya kinga kila siku, hatari ya kuambukizwa hupungua kwa asilimia 67 hadi 75, kwa kutegemea aina ya dawa. Tena aliyeambukizwa, akitumia dawa vyema hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe.

Liko kundi ambalo huduma hizi hulifikia kwa shida kubwa zaidi: watu wanaoishi kwa jinsia isiyokuwa ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hiyo katika orodha ya maradhi ya akili. Wanaotumia homoni wanahitaji daktari wa kuwapimia damu na kiasi cha dawa. Asiyethubutu kumwendea hujinunulia kwa kubahatisha.

Sheria dhidi ya ushoga, iliyotiwa sahihi Mei 2023, iliongeza woga huo, kwani ilimlazimu mtu kutoa taarifa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ikakifuta kifungu hicho cha kutoa taarifa, pamoja na vingine vichache, ikitaja haki ya afya na ya faragha. Askari anayelinda sheria hana budi kuijua hata sehemu iliyofutwa.

Tuseme gari limesimamishwa kizuizini, katika barabara ya Mbarara. Kitambulisho chasema mwanamume, mwenye nacho amevaa gauni, na mkobani mna chupa ya dawa. Askari akiiinua chupa hiyo mbele ya abiria na kucheka, atakuwa amemfukuza mgonjwa mmoja katika matibabu. Na abiria wote waliotazama, miongoni mwao pengine mke wa askari mwenzake, watajifunza kuficha dawa zao, au kuziacha. Virusi visivyotibiwa havichagui kati ya mkimbizi na mwenye sare.

Ndugu askari, mmekabidhiwa mipaka, maghala na silaha. Siri ya mgonjwa nayo ni amana. Irudisheni chupa mkobani kimya, na gari liende zake.