Kijiti cha kupima mkojo nyumbani: nani kakipa kibali?

MWAMBIE mtu akakojoe kwenye kichupa akuletee. Kwanza atacheka, pili ataona haya, tatu atauliza kama lazima. Ndivyo tulivyo Waswahili. Lakini jamani, mkojo ni mbea wa kutupwa! Kinachoharibika ndani ya mwili, wenyewe unatoka nao nje na kutangaza.

Umbea wenyewe unaanzia kwenye figo. Kwa sisi watu wa Pwani, figo ni kama kifumbu cha kuchujia nazi. Kifumbu kikiwa kizima, tui linapita na machicha yanabaki. Kikitoboka, machicha yanaingia kwenye tui. Figo nazo zinapitisha maji na uchafu, zinazuia protini ibaki kwenye damu. Ukiona protini imejaa kwenye mkojo, ujue huenda kifumbu kimepata tundu.

Mwaka 1827 daktari mmoja wa London, Richard Bright, alieleza alivyokuwa akichemsha mkojo wa wagonjwa kwenye kijiko juu ya mshumaa. Ukiganda kama ute wa yai, alijua figo zimeguswa. Leo hatuhitaji mshumaa. Kuna kijiti cha plastiki chenye kijipande cha karatasi ya njano iliyotiwa dawa. Unakichovya kwenye mkojo, unasubiri kama dakika moja, unalinganisha rangi. Njano ikibaki njano, hakuna protini ya kuonekana. Ikigeuka kijani kuelekea bluu, kuna jambo.

Sasa swali lililo mezani ni hili: je, kijiti hicho mtu anaweza kukinunua akajipima chumbani kwake, kama akina dada wanavyojipima mimba?

MAREKANI WAMESHAANZA

Wenzetu wa Marekani wamefika huko. Mwezi Julai 2022 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilitoa kibali kwa kipimo cha nyumbani cha kampuni ya Healthy.io. Mtu anachovya kijiti, anakiweka juu ya kadi yenye rangi, anakipiga picha kwa simu, na simu inasoma jibu. Kipimo hicho hakiangalii protini peke yake. Kinailinganisha na kitu kingine kiitwacho kreatinini, ili mtu aliyekunywa maji mengi asidanganyike kwa sababu mkojo wake umekuwa mwepesi.

Hapa kwetu mwenye kauli ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019. Kabla ya hapo ilikuwa TFDA, iliyoanza kazi mwaka 2003. Wengi wanadhani kazi yake ni kukimbizana na wauza vidonge bandia tu. Kumbe na vipimo vya magonjwa vimo mikononi mwake, kuanzia mashine za maabara mpaka vijiti vya mkojo. Na si mamlaka ya kubezwa: Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kwanza Afrika kuthibitishwa kuwa na mfumo wa udhibiti wa dawa unaofanya kazi vizuri.

Wala kujipima si jambo geni kwetu. Novemba 2019 Bunge lilibadilisha sheria ya UKIMWI, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe virusi. Utaratibu wake ni kwamba jibu likionyesha una maambukizi, unakwenda kituo cha afya kuhakikishiwa. Kumbe mlango ulishafunguliwa.

MAMA WA MANEROMANGO NA MAMA WA MAILI MOJA

Sasa tuje nyumbani. Chukua akina mama wawili wajawazito, wote wa Mkoa wa Pwani. Mmoja anakaa Maili Moja, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro. Akijisikia vibaya, Hospitali ya Tumbi, ambayo ndiyo ya rufaa ya mkoa, haiko mbali. Mwingine anakaa Maneromango, ndani ndani huko Kisarawe. Zahanati anayo, lakini kuifikia hospitali ya wilaya ni safari, na mvua za masika zikishakolea, hata dereva wa bodaboda anaanza kubembelezwa.

Adui yao ni mmoja: kifafa cha mimba. Ugonjwa unaanza kimya kimya baada ya wiki ya 20. Presha inapanda kufika 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini inatokea kwenye mkojo. Baadaye kichwa kinauma vibaya sana, macho yanaona ukungu, tumbo linauma juu karibu na mbavu, uso na mikono vinavimba. Akichelewa, mama anaanguka degedege, na hapo roho mbili ziko hatarini. Mitaani bado wapo wanaosema eti ni mashetani, wakamkimbiza mgonjwa kwa mganga badala ya hospitali.

Dawa ipo. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti inapunguza hatari ya degedege kwa nusu. Lakini sindano inamsaidia aliyefika. Ndiyo maana kadi ya kliniki ina sehemu ya kuandika protini ya mkojo. Na ndiyo maana mjamzito akiambiwa "mama, vipimo vimeisha, njoo siku nyingine", hilo si neno dogo.

Kwa mama wa Maneromango, kijiti cha nyumbani kingeweza kumwambia leo kitu ambacho angekijua wiki mbili zijazo. Hiyo ndiyo faida yake.

Na si wajawazito peke yao. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta karibu watu wazima 7 katika kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo. Katika kila wagonjwa 10, ni kama mmoja tu aliyekuwa anajijua. Wenye kisukari na presha ndio wa kwanza kuangaliwa.

KIBALI KINALINDA NINI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasema, "Kijiti tu hicho, hakiingii mwilini, kina madhara gani? Serikali iache watu wajipime!" Msomaji, madhara ya kijiti yako kwenye jibu lake. Kijiti kibovu kikisema "huna kitu", mama mwenye maumivu ya kichwa anajilaza, anameza panadol, anasubiri kuche. Angekuwa hana kijiti, huenda angekwenda zahanati. Kipimo kinachodanganya ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Kwa hiyo mkaguzi ana mengi ya kuuliza. Rangi inabadilika pale inapopaswa? Mtu wa kawaida, asiye muuguzi, anaweza kuisoma bila kubahatisha? Maelezo yako kwa Kiswahili kinachoeleweka? Na je, kinastahimili hali ya hewa? Vijiti vingi vinatakiwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, ndani ya kichupa kilichofungwa barabara. Sasa fikiria duka la bati pale Mlandizi, mwezi Februari, jua la saa nane mchana. Unyevunyevu nao ukiingia ndani ya kichupa, rangi inaanza kusema uongo. Kipimo kilichofanya vizuri Marekani kwenye chumba chenye kiyoyozi hakijafaulu bado mtihani wa Kisarawe.

USIKIPE KAZI ISIYO YAKE

Hata kijiti chenye kibali kina mipaka. Mkojo uliochanganyika na uchafu wa ukeni, damu au mabaki ya sabuni kwenye kichupa unaweza kuonyesha protini isiyo ya figo. Homa na kazi ngumu navyo vinaipandisha kwa muda. Kichocho, ambacho watu wa Pwani tunakijua, kinaleta damu na protini pia. Kubwa kuliko yote, siku hizi madaktari wanajua kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuja bila protini kabisa. Kwa hiyo kijiti hakiwezi kuchukua nafasi ya mashine ya presha.

Basi ukiuziwa kijiti, muulize mwenye duka kama kimesajiliwa na TMDA. Akianza kujiumauma, rudisha noti mfukoni. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kataa kijiti kinachouzwa kimoja kimoja kutoka kwenye kichupa kilichoachwa wazi. Tumia chombo safi na kikavu, mkojo wa katikati, usishike kile kijipande cha rangi, na usome jibu kwa muda ulioandikwa, si baada ya kumaliza kupika.

Rangi ikigeuka, nenda kituo cha afya. Rangi isipogeuka lakini kichwa kinagonga na macho yana ukungu, nenda vilevile, tena upesi. Na nyie akina baba, msikae barazani mkisubiri matokeo kama ya mpira. Nauli ya usiku kutoka Maneromango iwekwe pembeni tangu mimba ikiwa changa, kwa sababu kijiti kinaweza kukupa taarifa tu, gari hakikuletei.