Ikwalaiza haibadilishi sikio la mwenzi wako

Hebu jaribu kitu hiki na mwenzi wako. Wimbo mmoja, simu moja, hedifoni mbili za aina tofauti. Sikilizeni kwa zamu. Nina hakika mtabishana!

Ubishi huo niliukuta Kayanga, Karagwe, kwa wachumba wawili. Binti anafanya kazi pale mjini, jamaa yuko Nkwenda, Kyerwa. Wikiendi wakikutana wanasikiliza enanga, kile chombo cha nyuzi cha Wanyambo na Wahaya. Bibie ana hedifoni kubwa za kufunika masikio, jamaa ana za bei poa za kuchomeka sikioni. "Si naweka ikwalaiza tu, zitalia kama zako," jamaa akajigamba.

Je, inawezekana? Kwa kiasi, ndiyo. Ikwalaiza huongeza au kupunguza nguvu ya sauti nene, za kati na nyembamba. Mwaka 2013 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, Marekani, waliifanya hedifoni moja iige nyingine kwa njia hiyo. Maksi za wasikilizaji zilikaribiana na za hedifoni halisi. Zilikaribiana, lakini hazikulingana kabisa.

Sasa inakwama wapi?

Kwanza, mkao. Ya kuchomeka isipoziba vizuri, besi inavuja. Ukiisogeza kidogo tu, mlio unabadilika na setingi yako inavurugika.

Pili, uwezo. Kuongeza desibeli 10 kunadai nguvu ya umeme mara 10. Spika ndogo ikilazimishwa hivyo inakwaruza, na mkwaruzo huo ikwalaiza haiuondoi.

Tatu, sikio lenyewe. Hedifoni kubwa inapitisha sauti kwenye mikunjo ya sikio la nje, ambayo kila mtu ana yake. Ya kuchomeka inairuka mikunjo hiyo. Ndiyo maana setingi iliyopimwa kwa sikio la bandia inaweza isikufae wewe.

Ushauri wangu? Chagua kwanza inayokaa vizuri, ndipo uchezee ikwalaiza. Badala ya kupandisha besi, shusha kinachozidi. Na usifidie kwa kufungulia sauti mpaka mwisho: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Hela ya hedifoni nyingine itapatikana. Sikio jingine utalinunua duka gani?