Chakula cha kilimo hai katika majiko ya taasisi Ujerumani: mashamba yapo, njia ya kati ndiyo haijakamilika

Jiko la shule, hospitali au kantini ya ofisi nchini Ujerumani linalotaka kuwafahamisha walaji kuwa linapika vyakula vya kilimo hai sasa lina alama ya serikali yenye madaraja matatu. Kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2023 inatoa daraja la shaba kwa jiko ambalo vyakula hivyo ni asilimia 20 hadi 49 ya manunuzi yake, fedha kwa asilimia 50 hadi 89, na dhahabu kuanzia asilimia 90. Kuomba alama hiyo ni hiari. Jiko likishaiomba, hukaguliwa na taasisi ya ukaguzi iliyoidhinishwa, kama anavyokaguliwa mkulima mwenyewe.

Asilimia hizo hupimwa kwa thamani ya fedha, si kwa kilo. Hesabu hutoka moja kwa moja kwenye ankara, na msimamizi wa stoo hahitaji kupima magunia. Ni utaratibu mwepesi, ingawa kwa kuwa mazao ya kilimo hai huuzwa kwa bei ya juu, daraja hupanda haraka kuliko kiasi kilichomo sahanini.

Hata hivyo, alama hiyo haisemi chochote kuhusu mahali chakula kilipolimwa. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 30 ya ardhi ya kilimo kuwa chini ya kilimo hai ifikapo 2030. Mwaka 2023 kiwango hicho kilikuwa hakijafika asilimia 12. Mkulima anayehamia kilimo hai hupitia kipindi cha mpito, ambacho kwa mazao ya msimu ni miaka miwili. Katika kipindi hicho mavuno yake huweza kupungua, wala haruhusiwi kuyauza kama mazao ya kilimo hai. Anahitaji mnunuzi wa uhakika. Majiko ya taasisi yangeweza kuwa mnunuzi huyo, kwa sababu idadi ya walaji wao hujulikana wiki kadhaa kabla.

Kikwazo kikubwa kiko kati ya shamba na sufuria. Jiko linalopika sahani 1,000 kwa siku aghalabu halina wafanyakazi wa kumenya viazi. Linataka viazi vilivyooshwa, vikamenywa na kulingana ukubwa, vikiwa katika mifuko mikubwa, na vifike asubuhi iliyopangwa. Mkulima wa jirani ana viazi vyenye udongo wake. Anayepaswa kusimama kati yao ni mwenye karakana ya kuosha, kumenya na kukata, ambayo nayo lazima ikaguliwe ili mazao ya kilimo hai yasichanganywe na mengine. Karakana hiyo haijengwi kwa ajili ya tani chache, na majiko hayaagizi tani nyingi mahali ambapo karakana haipo. Ndiyo maana karoti za mbali huweza kuzitangulia jikoni karoti zilizolimwa kijiji cha pili.

Sheria ya ununuzi wa umma nayo ina mipaka yake. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, halmashauri inaweza kudai katika zabuni kwamba chakula kiwe cha kilimo hai, lakini haiwezi kudai kitoke katika mkoa wake, kwani huo ungekuwa ubaguzi dhidi ya wauzaji wengine. Inachoweza kufanya ni kugawa zabuni katika mafungu madogo ambayo mkulima au ushirika mdogo anaweza kuyamudu, na kutaka mboga za msimu. Jitihada nyingi za vitendo zinaelekezwa hapo.

Kuhusu gharama, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa nchi jirani ya Denmark. Jiji la Copenhagen lilijiwekea lengo la asilimia 90 katika majiko yake ya umma ifikapo 2015 na kulikaribia sana, bila kuongeza bajeti ya kawaida ya chakula. Wapishi walipewa mafunzo, nyama ikapunguzwa, mboga za msimu na nafaka zikaongezwa, na chakula kilichokuwa kikitupwa kikapungua.

Serikali ya Shirikisho ya Ujerumani hugharimia sehemu ya ushauri kwa majiko yanayotaka kufanya mabadiliko hayo, pamoja na waratibu wanaowakutanisha wakulima, wasindikaji na wapishi wa eneo moja. Kazi ya mratibu ni kujumlisha oda za majiko kadhaa, hadi tani zitoshe kumfanya mwenye karakana awashe mashine.