Cherop: Jina Lenye Habari ya Mvua

Likizo iliyopita nilialikwa Longisa, katika Kaunti ya Bomet, kumwona mtoto wa siku chache. Wazazi wake, ambao wote ni walimu, walikuwa wamekwisha kumchagulia majina mawili ya kigeni. Nyanya yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, alimpakata mjukuu wake akamwita Cherop. Baba mtoto akatabasamu, akasema kwa adabu: "Kogo, hilo ni 'mvua' tu. Halina maana nyingine."

Nikiwa mwanaisimu, kauli hiyo sikuweza kuiacha ipite. Cherop si "mvua" tu. Katika Kikipsigis, mvua ni rop, au robta. Che- ni kiambishi cha kike Chep-, ambacho hudondosha p mbele ya r, kama katika Cherono na Cheruto. Ndugu yake wa kiume ni Kiprop. Cherop, basi, ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Hiyo ni taarifa kamili iliyofumbatwa katika silabi mbili. Vivyo hivyo, Chepkoech alizaliwa kukipambazuka, Kibet mchana, Chelangat jioni, na Cherono mbuzi wakirejea zizini. Ukiyapanga majina hayo, umepata saa ya jamii nzima.

Wala Wakipsigis hawako peke yao. Okoth na Akoth wa Waluo hutokana na koth, yaani mvua. Wafula na Nafula wa Wabukusu wana shina -fula, ambalo asili yake ya Kibantu ni moja na ya neno letu "mvua". Lugha hizi ni za koo mbalimbali, lakini zote zimetumia kiambishi kutenga mume na mke, na zote zimeona kuwa mvua yastahili kukumbukwa katika jina la mtu.

Mtu akitoka Kericho penye mashamba ya chai, akapita mji wa Bomet na kushika njia ya Narok, hufika Longisa akiwa ameuacha ukanda wa mvua nyingi nyuma yake. Hapa mkulima wa mahindi huitazama mbingu kwa makini zaidi. Kogo alinieleza kwamba mashamba yalikuwa yamekwisha kulimwa, mbegu zikingoja ndani, na mvua ya kwanza ikanyesha usiku ule mtoto alipozaliwa.

Baba mtoto alinikumbusha kwamba siku hizi watoto huzaliwa hospitalini na saa huandikwa. Ni kweli. Lakini mvua hunyesha hata juu ya paa la hospitali. Cheti cha kuzaliwa hutaja tarehe na mahali, wala hakisemi ni nini kilichongojwa na watu siku hiyo.

Yamkini msomaji atauliza iwapo kila Cherop alizaliwa mvuani. La hasha. Wapo waliopewa jina hilo kwa kumkumbuka jamaa aliyetangulia, na wapo wazazi waliolipendea mlio wake. Hata hivyo, maana haifi maadamu yupo wa kuisimulia. Mwaka 2012 Sharon Cherop aliposhinda mbio za marathoni za Boston, jina la mvua lilitangazwa duniani kote. Ni wangapi kati yetu tuliokuwa tayari kulifasiri?

Enyi walimu, orodha ya majina mnayoisoma kila asubuhi ni kitabu cha sarufi na cha historia. Mwagizeni kila mwanafunzi aulize nyumbani: nani alinipa jina, na siku hiyo kulikuwa na nini? Nanyi wanafunzi, msiahirishe. Kogo ni mkongwe, na habari ya mvua ya usiku ule anayo yeye.

Nilipoaga, baba mtoto alikuwa ameketi karibu na mamake, akimuuliza mvua ile ilianza saa ngapi.