Kuandika filamu: mpe mhusika haja, kisha mzibie njia

Kijana wa Ekero, huko Mumias, akitaja kwamba anataka kutunga filamu, wenzake humuuliza kamera atatoa wapi na nauli ya Nairobi nani atamlipia. Hayo yote yanaweza kungoja. Mwanzoni atahitaji daftari, na mhusika anayetaka jambo ambalo dunia haimpi kirahisi.

Mfano tumekaa nao sebuleni miaka mingi. Papa Shirandula, kipindi kilichoanza Citizen TV mwaka 2007, kilisimama juu ya siri moja: bawabu Papa anamficha mkewe, Wilbroda, kazi anayoifanya. Anataka heshima nyumbani; sare ya ulinzi inamsaliti. Kila Wilbroda alipoukaribia ukweli tulicheka, na marehemu Charles Bukeko, aliyemwigiza, hakuhitaji kutueleza kwamba Papa ana hofu.

Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, nayo imepita njia hiyohiyo. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji. Anaingia mjini na kuporwa. Mtunzi mchanga angemwonea huruma, angemletea mjomba wa kumpokea stendi, na hadithi ingeishia palepale.

Ukishampata mhusika, kumbuka kwamba skripti huandikwa kwa yale yanayoonekana na kusikika tu. Riwaya inaweza kusema "aliona aibu". Kamera haiwezi kuipiga picha sentensi hiyo. Tazama:

NJE. MAKUTANO YA EKERO. ALFAJIRI

Trekta la miwa linapita. MAMA, miaka 50, anashuka kwenye bodaboda. Anafungua fundo la leso, anahesabu pesa, anazihesabu tena. Noti moja anairudisha.

MAMA
Nitakumalizia jioni, mwanangu.

DEREVA
(akilitazama fundo)
Hata jana ulisema jioni, mama.

Mstari wa kwanza unataja kama tuko ndani au nje, mahali gani na wakati gani. Vitendo huandikwa kwa wakati uliopo, kwa ufupi. Jina la msemaji hukaa juu ya maneno yake. Neno umaskini halimo, lakini noti iliyorudi kwenye fundo imeshasema, na tayari tunataka kujua imewekewa nini. Waache watu waseme kama wasemavyo sokoni, Kiswahili, Kiwanga au sheng, bila kuhutubiana.

Kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Anayeanza na filamu ya dakika 10 basi ana kurasa kama 10 za kuhangaika nazo, na hizo zinatosha.

Kisha uandike upya. Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ilipitia mikono ya waandishi kadhaa, wakiwemo Mugambi Nthiga na Wanjeri Gakuru. Wewe waite marafiki, wagawie nafasi, wasome kwa sauti. Wakiuliza "ikawaje?" endelea. Wakisifu lugha yako tu, rudi ukaangalie mhusika wako anataka nini.

Kabla ya kumkabidhi mtayarishaji kazi yako, isajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Siku ya kupiga picha ikikaribia, ulizia leseni kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Lakini ofisi hizo hazina la kukufanyia hadi daftari lijae.