Kabla ya Kuchimba Mtaro, Pima Waya wa Simu

Chuo kilichojengwa enzi za simu za mezani huwa na kebo za shaba zilizofukiwa kutoka chumba cha swichibodi hadi kila jengo. Simu zenyewe siku hizi hazilii, lakini kebo bado zipo. Huku juu, maktaba ina mtandao wake, uhasibu wake, maabara wake, na faili zinabebwa kwa flashi kutoka mlango hadi mlango.

Kebo ya kawaida ya kompyuta haitavuka uwanja: Etheneti ya shaba huishia mita 100. Waya wa simu huvuka, mradi kila upande ufungwe modemu ya VDSL2, moja ikiwekwa kuwa ya kituo na nyingine ya mteja. Kwa mita mia chache, jozi moja ya nyaya hutoa makumi ya megabiti kwa sekunde. Umbali ukizidi, kasi hushuka upesi. Modemu za aina nyingine, SHDSL, huenda kilomita kadhaa, ila kwa jozi moja haivuki megabiti 5.7 hivi. Uhasibu hautalalamika. Wanaotazama video za mihadhara watalalamika.

Kabla ya kununua chochote, pima. Ondoa kila kifaa kwenye jozi, unganisha nyaya zake mbili upande wa mbali, kisha soma ukinzani upande wako. Shaba ya nusu milimita hutoa takriban omu 170 kwa kila kilomita ya njia, kwenda na kurudi; hivyo kwa mita 300 tarajia kama 50. Ukisoma 90, na namba inaruka fundi akitikisa maungio, kuna kutu mahali. Tafuta pia matawi ya zamani yaliyoachwa yananing'inia, ya ofisi iliyohamishwa miaka mingi iliyopita. Simu haikuyajali, VDSL huyajali sana, kwa sababu mawimbi hugonga mwisho wa tawi na kurudi kuvuruga yanayofuata. Yakate.

Usisahau kinga ya radi pande zote mbili. Hapo fiba inashinda bila ubishi, maana kioo hakipitishi umeme, na mwenye fedha ya kuchimba mtaro wa kuifukia asisite.

Waya ukishaitika, wengi huchomeka modemu kwenye swichi za majengo na kwenda zao. Kesho yake kompyuta za maktaba zinapewa anwani na raouta ya uhasibu, kwa kuwa kote kulikuwa 192.168.1, kama vifaa vilivyotoka dukani. Weka raouta kati ya kila jengo na kiungo, na kila jengo lipewe fungu lake: maktaba 10.10.1, uhasibu 10.10.2. Kompyuta zitajirekebisha zikiwashwa upya. Printa zilizoandikiwa anwani kwa mkono hazitajirekebisha, kwa hiyo ziorodheshe kabla ya siku ya kubadilisha anwani, pamoja na ile ya mhasibu mkuu iliyofungiwa ofisini.